Klabu yetu ya riwaya imegeuka darasa: tuirudisheje kwenye kitabu?

MsomajiWaJinja aliuliza:

Ndugu wasomaji wenzangu, hamjambo. Sisi ni watu 11 hapa Jinja ambao hukutana kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa tisa alasiri, kwenye baraza ya duka la mwenzetu ambaye ni fundi cherehani, tukazungumzia riwaya moja ya Kiswahili tuliyokubaliana kuisoma. Miongoni mwetu wamo walimu wawili waliosomea Kenya, mwanajeshi mmoja mstaafu, na mama mmoja Mkongomani anayeuza vitenge sokoni. Waliobaki ni Waganda na Wasoga ambao Kiswahili walikipata ukubwani, wengine kwa kozi na wengine kwa kuhangaika nacho barabarani.

Tulianza kwa furaha, lakini sasa mambo yameharibika, na nitaeleza kwa kutumia kikao cha mwezi uliopita. Tulikuwa tunasoma Vuta n'Kuvute ya Adam Shafi, riwaya ya mwaka 1999 ambayo wengi wenu mnaifahamu: Yasmin, binti wa Kihindi, anaozwa akiwa na miaka 15 kwa mwanamume ambaye kwa umri angeweza kuwa baba yake, anamkimbia, na jamaa zake wanapomkataa anakwenda kuishi kwa rafiki yake Mwajuma huko Ng'ambo. Neno hilo moja, Ng'ambo, lilitumaliza. Mwenzetu mmoja alikuwa amesoma kurasa nyingi akiamini kwamba Yasmin amevuka bahari na kuhamia Ulaya, kwa sababu kwetu mtu aliyekwenda ng'ambo ni mtu aliyepandia ndege Entebbe, naye alikuwa akijiuliza kimoyomoyo ni Ulaya gani hiyo ambako kila mtu anazungumza Kiswahili. Mwalimu alipomweleza kwamba hiyo ni mitaa ya mji wa Unguja iliyo upande wa pili wa Mji Mkongwe, tulicheka sote, na yeye akacheka pamoja nasi, lakini tangu hapo hakufungua kinywa tena mpaka tulipoagana.

Baada ya hapo mwalimu aligeuza kalenda ya zamani, akaandika nyuma yake kwa kalamu ya wino mzito: dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa. Tukaanza kujaza. Kufikia saa kumi na moja karatasi ilikuwa imejaa, chai imepoa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amesema kama kitabu kilimpendeza au kilimuudhi. Nilirudi nyumbani nikiwa na hisia kwamba nimetoka kwenye mtihani ambao sikuwa nimejiandikisha.

Ningependa kusikia kutoka kwa waliowahi kuendesha vikao vya namna hii: mjadala unaongozwaje ili watu wazungumzie kitabu chenyewe badala ya kujibu maswali ya shule? Tena, je, tuwaruhusu wanaokwama kuzungumza Kiluganda au Kiingereza, au tushikilie Kiswahili peke yake? Na kama kuna mwenye ushauri kuhusu nakala nitashukuru pia, kwa kuwa tuna nakala nne tu kwa watu wote hao.

MwalimuWaMbale alijibu:

Ndugu wa Jinja, huyo mwalimu mwenye kalenda usimlaumu sana, maana mimi nimekuwa yeye kwa miaka mingi. Mtu aliyefundisha fasihi akikabidhiwa kikao hukiongoza kwa njia aliyoizoea, nayo ni ile ya kumwandaa mtahiniwa: maudhui kwanza, pamoja na dhamira, migogoro, ujumbe na falsafa yake, halafu fani, yaani muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha. Mpangilio huo una kazi yake, na nitautetea kabla sijamaliza, lakini una kasoro moja ambayo klabu haiwezi kuivumilia, kwamba unaweza kujazwa na mtu ambaye kitabu hakukisoma. Nimewahi kusahihisha insha safi kabisa kuhusu riwaya ambayo mwandishi wa insha hakuifungua hata siku moja, kwa sababu mwongozo wake ulikuwa ukiuzwa kwa bei ndogo kuliko riwaya yenyewe.

Mimi niligutushwa na swali la mzee mmoja. Tulikuwa tunasoma Kuli, riwaya ya mwaka 1979 ya mwandishi huyohuyo mliyemsoma ninyi, inayowahusu wafanyakazi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948. Nilikuwa nimeandaa vichwa vyangu vya habari kama kawaida, matabaka, ukoloni, ukombozi, na watu walikuwa wananijibu kwa upole kama wanafunzi walioshiba. Ndipo mzee huyo, ambaye marehemu baba yake alikuwa mkulima wa pamba Buganda, akauliza: "Siku zile za mgomo, wake zao walipika nini?"

Hakuna aliyekuwa na jibu, na vitabu vikaanza kufunguliwa. Huku watu wakipekua, mzee akatusimulia aliyoyasikia nyumbani kuhusu ghasia za mwezi Aprili 1949, wakati wakulima wa Buganda walipodai, pamoja na mambo mengine, haki ya kuchambua pamba yao wenyewe na kuiuza bila kupitia mikononi mwa wengine. Alisema kwamba baba yake alipoiacha pamba ioze shambani bado alikuwa na migomba nyuma ya nyumba, kwa hiyo angeweza kukasirika kwa muda mrefu huku anakula, ilhali kuli anayeishi kwa ujira wa kutwa, siku asiyopanda melini ndiyo siku jikoni hapawashwi moto. Kwa hiyo alitaka kujua mwandishi amewaweka wapi wanawake na majiko yao katika habari yote ile ya ushujaa. Tuligombana juu ya jambo hilo mpaka giza likaingia, na kila aliyedai kitu alilazimishwa kutaja ukurasa.

Tangu siku hiyo siulizi swali lolote ambalo linaweza kujibiwa kitabu kikiwa kimefungwa. Kwenye riwaya yenu nisingeuliza juu ya ukombozi wa mwanamke, kwa sababu kila mtu anajua la kusema kuhusu ukombozi wa mwanamke. Ningeuliza kwa nini Mwajuma alimpokea Yasmin, yeye ambaye hakuwa na kitu, na angepoteza nini kama angekataa. Hilo halijibiwi bila kurudi kwenye maneno waliyoambiana.

Sasa niutetee mpangilio wangu. Baada ya kuachana na vichwa vya habari tuliwahi kuangukia upande wa pili. Tulikuwa na riwaya nyingine yenye ndoa ya mapema; mmoja akasema kwamba Katiba ya Uganda imeweka umri wa kuoa na kuolewa kuwa miaka 18, sote tukakubali, tukahamia kwenye mahari, kisha kwenye mahari ya mpwa wa mtu fulani ambayo ilikuwa haijamalizwa kulipwa, na kitabu kikabaki chini ya sahani ya njugu hadi tulipoondoka. Siku ile niliitamani kalenda. Kwa hiyo msimfukuze mwalimu wenu. Mwombeni tu akae na karatasi yake mfukoni hadi nusu ya mwisho ya kikao, kwa sababu mtu akishabishana kwa moyo wake wote kuhusu jiko la kuli, maneno kama mgogoro na tabaka humjia yakiwa na kazi ya kufanya.

MzeeWaBombo alijibu:

Nimesoma maelezo ya Mwalimu na ninakubaliana naye, ila mimi nitazungumzia kile kicheko, ambacho naona mmekipita haraka.

Mimi ni Mnubi wa Bombo, na Kiswahili nimekizungumza tangu utotoni sambamba na Kinubi chetu. Ninyi vijana hamjui uzito ambao lugha hii imeubeba katika nchi hii. Idi Amin aliitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa Waganda wengi sauti ya Kiswahili ilikuwa sauti ya mtu mwenye bunduki kizuizini akidai kitambulisho. Baadaye Katiba ilifanyiwa marekebisho mwaka 2005 kikawa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Sheria zimepita, lakini ulimi wa mtu mzima haufuati gazeti la serikali. Mtu wa miaka 50 anapojitokeza kwa hiari yake kusoma riwaya nzima ya Kiswahili amekwisha kupigana vita yake peke yake kabla hajafika barazani kwenu, na akichekwa kwa neno moja anarudi kule alikotoka.

Hata hivyo, msifungue mlango wa Kiluganda. Hapa tulikuwa na kikundi kama chenu, na tulipofungua mlango huo, kufikia kikao cha tatu Kiswahili kilikuwa kimebaki kwenye salamu tu. Sisi tuliona inafaa kusoma kwa sauti kabla ya kuzungumza. Kila mtu anachagua ukurasa mmoja nyumbani, anaufanyia mazoezi, anakuja kuusoma mbele ya wenzake, kisha anasema kwa sentensi mbili au tatu kwa nini aliuchagua. Mwenye Kiswahili kidogo anakuwa ameazima cha mwandishi, na koo yake inakuwa imekwisha kufunguka.

Nikumbushe pia, kwa kuwa huwa naudhika nikiambiwa kwamba riwaya ya Kiswahili ni kitu cha wageni, kwamba mwaka 1962, mwezi Juni, waandishi wa Afrika walikutana papa hapa Makerere, lakini mkutano ule ulikuwa wa wanaoandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert, ambaye alifariki mwezi huohuo, asingehesabiwa pale pamoja na vitabu vyake vyote. Kwa hiyo mkikaa barazani pa fundi cherehani na kitabu cha Kiswahili mikononi, mnafanya jambo ambalo ukumbi ule haukulifanya.

BintiWaArua alijibu:

Mzee wangu wa Bombo, shikamoo. Kwa heshima zote nakubali kuhusu kicheko na kuhusu kusoma kwa sauti, lakini kuhusu mlango wa lugha nina mawazo tofauti kidogo. Huku Arua, kwenye kikao kimoja unaweza kuwa na Kilugbara, Kinubi, Kilingala na Kiswahili cha namna tatu, na tukimnyamazisha kila anayekwama tutabaki na wasemaji wawili. Sisi tuna mkalimani wa zamu. Mtu akizidiwa anasema kwa lugha yake, lakini mazungumzo hayasongi mbele mpaka mkalimani wa siku hiyo ameyarudia yale maneno kwa Kiswahili na mwenyewe amekubali kwamba ndivyo alivyokusudia. Kazi hiyo inachosha, na kwa sababu inachosha watu hawaitumii ovyo. Mara nyingi mwenyewe anamkatiza mkalimani, "Hapana, sikusema hivyo," na hapo anajikuta anazungumza Kiswahili kwa hasira.

Lakini kilichonifanya niandike ni yule mwenzenu wa Ng'ambo. Nafikiri mlimcheka mtu ambaye ndiye peke yake aliyekuwa ameielewa sura ile. Hebu fikirini: neno lenyewe maana yake ni upande wa pili wa maji, na zamani kulikuwa kweli na hori la maji ya bahari lililoutenga Mji Mkongwe na mitaa ile. Kwa miguu ni mwendo mfupi. Lakini binti wa Kihindi wa miaka ile, aliyelelewa kwa kuchungwa aingie wapi na aonekane na nani, anapohamia kwenye chumba cha Mwajuma ameondoka kwao kabisa, na jamaa zake wangeweza kumsamehe upesi zaidi kama angepanda meli kwenda London. Mwenzenu aliona msichana amekwenda mbali sana, mahali ambapo hawezi kurudi alivyokuwa. Alikosea ramani tu. Kama mngemuuliza, "Ni kitu gani kilichokufanya uhisi kwamba yuko mbali kiasi hicho?" angewasomea kurasa zile moja baada ya nyingine.

Mimi binafsi nilipoisoma mara ya kwanza nilipita hapo bila hata kusimama, kwa sababu nilikuwa nalijua neno.

MpitaNjia alijibu:

Kuhusu nakala, mbona mnajitesa? Pelekeni kitabu kwa mtu wa mashine ya fotokopi, kila mtu apate lake.

MwalimuWaMbale alijibu:

Ndugu MpitaNjia, nchi hii ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006, na kunakili riwaya nzima kwa ajili ya watu 11 hakuendani nayo. Mbali na sheria, waandishi wa riwaya za Kiswahili si wengi, na wachapishaji wanaothubutu kuzitoa ni wachache zaidi. Tukiwala hao tutabaki tunajadili miongozo.

MkulimaWaMasindi alijibu:

Sisi tulikuwa na nakala mbili kwa watu tisa, moja nzuri na moja iliyochakaa, gundi yake imekauka na kurasa zinadondoka. Ile iliyochakaa tuliifungua kabisa tukaigawa vipande vitano kwa kufuata sura, kila kipande tukakitoboa pembeni kwa msumari mwembamba, tukakishona kwa uzi na kukivika karatasi ya kaki kama madaftari ya watoto. Vipande vikazunguka, wiki kwa wiki, kutoka nyumba moja hadi nyingine.

Kulikuwa na tatizo ambalo hatukulitarajia, kwamba watu walikuwa wakisoma bila mpangilio. Mama mmoja alianza na kipande cha nne, akamkuta mhusika yuko gerezani bila kujua kosa lake, na alipofika kwenye kikao akawa hana nia ya kusubiri kipande cha kwanza. Alitaka aelezwe palepale. Wawili waliokuwa wamekisoma wakamweleza, na ikadhihirika kwamba kila mmoja ana maelezo yake, kwa kuwa mmoja alimwamini msimulizi na mwingine hakumwamini. Sijawahi kuona kikao kizuri kama kile, na hakikuandaliwa na mtu. Sisemi mfanye hivyo kwa makusudi, maana wapo waliolalamika sana, na mzee mmoja alinirudishia kipande chake akasema hawezi kula wali kabla ya kuosha mikono.

Fundi cherehani mnaye. Mpeni kazi hiyo. Sisi tulishona kwa sindano ya magunia na kurasa nyingine zikachanika.

MsomajiWaJinja alijibu:

Ndugu zangu, nawashukuru nyote, na wewe Dada wa Arua kwa namna ya pekee, kwa sababu maneno yako niliyachukua jana nikampelekea mwenzetu yule. Nilimkuta kwenye kibanda chake karibu na kituo cha teksi, akipanga kadi za simu. Mwanzoni alidhani nimekwenda kumtania tena. Nilipomuuliza ni kitu gani kilichomfanya aone kwamba Yasmin yuko mbali, alitoa kitabu chini ya meza, nilikuwa sijui kwamba bado anacho, akanionyesha mahali alipoweka tiketi ya basi kama alama. Akasema kwamba yeye alitoka kijijini kwao Kamuli akiwa na miaka 16, akaja Jinja, na ingawa ni safari ya saa chache tu kwa teksi, mama yake alikuwa akiwaambia majirani kwamba mtoto wake amekwenda "mitala wa mazzi". Sijui kama wote mnafahamu Kiluganda; hayo ndiyo maneno yetu ya ng'ambo, upande wa pili wa maji.

Kwa hiyo tumekubaliana kwamba Jumamosi atafungua kikao yeye, kwa kusoma ukurasa huo kwa sauti kama Mzee alivyoshauri. Nilimwomba pia aeleze habari ya mama yake, akasema atafikiria. Mwalimu wetu nimeongea naye kwa simu. Aliguna kidogo, kisha akakubali kalenda ibaki nyumbani hadi saa kumi, na akaomba swali la kwa nini Mwajuma alimpokea Yasmin aachiwe yeye aliulize. Suala la mkalimani wa zamu tutalijaribu kwa vikao viwili, tukianza na mama Mkongomani, ambaye Kiswahili chake ndicho chepesi kuliko cha sisi sote ingawa walimu huwa wanamsahihisha.

Kuhusu vipande, fundi amekikagua kile kitabu chenye jalada lililobanduka, akakipima unene kwa vidole, akaniambia kwamba mashine yake inaweza kupitisha kurasa 30 kwa mara moja lakini si zaidi. Ametaka kujua uzi uwe wa rangi gani.